Tarehe ya Kurudi: Jeraha la Kasuku na Habari za Mugunga

Mtu atokaye katikati ya mji wa Goma akashika barabara ya magharibi iendayo Sake, Ziwa Kivu likiwa upande wa mkono wake wa kushoto na mlima wa Nyiragongo ukimsindikiza kwa moshi wake upande wa kulia, hufika Mugunga kabla hajamaliza nusu ya safari, na jambo la kwanza limwarifulo kwamba amefika ni ardhi yenyewe, ambayo aghalabu ni jiwe jeusi, kavu, lenye makali kama ya chupa iliyovunjika, lililomwagwa na volkano zamani likapoa hali limekunjamana kama ngozi ya tembo. Juu ya jiwe hilo watu wamejenga nyumba za mbao, wamefungua maduka, wamepitisha chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukumwa, zilizolemewa makaa na viazi, na mara kadhaa katika umri wa mtu mmoja wameona kambi za wakimbizi zikizuka na kufutika. Nataka kusimulia habari za mahali hapa kwa njia ambayo huenda ikamfanya msomaji atabasamu kwanza, yaani kwa njia ya jeraha la kasuku, na hasa kwa zile siku zinazolifuata jeraha, mtu anapotakiwa arudi kwa tabibu, kitambaa kifunguliwe na kidonda kitazamwe tena.

Katika nchi iliyoona vita, kipindupindu na mito ya moto, kidole kilichong'atwa na ndege ni jambo dogo mno, wala sibishi. Lakini jeraha kubwa halihitaji kushauriwa: damu hulia, majirani hukusanyika, na mgonjwa hubebwa mpaka hospitali apende asipende. Jeraha dogo ndilo litupalo kipimo, kwa sababu mtu hulipeleka kwa mganga kwa hiari yake, na hulirudisha mara ya pili kwa hiari iliyo kubwa zaidi, naye hulirudisha pale tu ambapo mganga yupo, njia i salama, na nyumba aliyolala jana ni ile ile atakayolala kesho.

Kasuku mwenyewe si mgeni katika nchi hizi. Yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu hukaa katika misitu ya Afrika tangu pande za magharibi, akapitia bonde zima la mto Kongo, hata akafika msitu wa Kakamega, Kenya, ambako makao yake hukoma. Misitu ya Maniema na ya Walikale ni katika makao yake makubwa. Humo watu wamepanda mitini kutoa makinda yake, na wamepaka ulimbo matawini, wakamfunga kasuku mmoja mfungwa awaite wenzake, na wenzake, kwa kuwa ni ndege wapendao jamaa, huja kwa makundi wakanasa. Mtegaji ndiye mjeruhiwa wa kwanza wa biashara hii, maana kumbandua ndege kutoka katika ulimbo ni kumpa vidole vyako. Baada yake huja mchukuzi, na mlanguzi, na mwisho mtoto wa mjini aliyenunuliwa ndege apate kumfundisha salamu. Na yeyote atokaye Walikale kwa njia ya Masisi hana budi kushukia Sake, na kutoka Sake kwenda Goma hana budi kupita Mugunga, awe amebeba ndizi, mbao au tundu lililofunikwa kanga.

Biashara hiyo ilikuwa halali kwa muda mrefu. Mwaka 1981 mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya mwituni, ujulikanao kwa jina la CITES, ulimtia kasuku wa kijivu katika orodha yake ya pili, ambayo huruhusu kuuza kwa kibali na kwa kiasi. Marekani ikafunga sehemu kubwa ya mlango wake kwa sheria ya mwaka 1992, na Jumuiya ya Ulaya ikapiga marufuku ndege wa mwituni mwaka 2005 kwa hofu ya mafua ya ndege, marufuku ambayo mwaka 2007 ikafanywa ya kudumu. Mwishoni, katika mkutano wa Johannesburg wa mwaka 2016, kasuku akapandishwa orodha ya kwanza, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku waliokamatwa mwituni ikawa haramu. Uharamu haukuwaondolea ndege midomo. Uliwaondolea wenye vidole vilivyong'atwa ujasiri wa kusema wazi mbele ya mganga ni mnyama gani aliyewauma.

Nimeandika "kung'atwa" kwa makusudi. Kuku hudonoa, kunguru hudonoa, lakini kasuku hung'ata. Mdomo wake wa juu umepinda kama ndoano, nao haukushikamana na fuvu kwa ugumu kama wa ndege wengine wengi, bali umetiwa kama bawaba, unainuka na kushuka, wakati ule wa chini unasukuma kutoka chini kama patasi. Chombo hiki aliumbiwa kupasulia kokwa za michikichi, ambazo mtu huzivunja kwa jiwe. Basi kidole cha mwanadamu ni kazi nyepesi kwake. Kwa hiyo jeraha lake huwa na mambo mawili kwa pamoja: tundu jembamba lililochimbwa na ncha, na nyama iliyopondwa pembeni mwa tundu lile. Tundu hujifunga mapema, uchafu ukabaki ndani. Na nyama iliyopondwa, kwa kuwa damu haiifikii vyema, ni shamba zuri la vijidudu. Mwenye jeraha huona juu pamekauka, akamshukuru Mungu, akarudi kazini, ilhali chini yake, kando ya kifundo au ndani ya ala ya mshipa ukunjao kidole, shari inaanza.

Hapo ndipo ilipo maana ya kurudi. Tabibu wa siku ya kwanza huosha kwa maji mengi na sabuni, huacha tundu bila kulishona, hufunga, huuninginiza mkono kifuani, na huuliza habari za chanjo. Mengine yote ni kazi ya siku ya pili na ya tatu. Mwaka 1912 daktari mpasuaji wa Chicago, Allen Kanavel, alitoa kitabu juu ya maambukizo ya mkono, akaeleza ndani yake dalili ambazo hata leo wanafunzi wa tiba hufundishwa kwa jina lake: kidole kimevimba chote kama soseji, kimekaa nusu kikunjwe, kinauma kando yote ya mshipa kikiguswa, na kinauma kwa ukali kikinyooshwa na mkono wa mwingine. Dalili hizi haziji saa ile ya jeraha. Huja baada ya usiku mmoja au siku mbili, na asiyerudi hazionwi na mtu ajuaye maana yake. Akija baada ya juma, mara nyingi kilichobaki ni kuokoa mkono, maana kidole kimekwisha kugandamana.

Fauka ya hayo pana pepopunda, ambayo wenyeji wa Goma wataisikia zahanatini kwa jina la Kifaransa, tetanosi. Mbegu zake hukaa udongoni na katika samadi, nazo hupenda jeraha la tundu lililojifunga lisipate hewa. Hungoja aghalabu kati ya siku 3 na siku 21 kabla ya kukaza taya. Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walionyesha mwaka 1890 kwamba majimaji ya damu ya mnyama aliyekingwa huweza kumkinga mwingine, na miaka ya 1920 Gaston Ramon wa Paris akatengeneza chanjo yenyewe. Lakini chanjo hiyo ina sharti ambalo ndilo kiini cha habari zetu: mtu mzima ambaye hajapata kuchanjwa hakingwi vyema kwa sindano moja. Huchomwa leo, huchomwa tena baada ya wiki nne, na huchomwa ya tatu baada ya miezi sita. Kwa hiyo kila achomwaye sindano ya kwanza hupewa ahadi ambayo nusu yake iko mikononi mwa mganga na nusu yake iko katika amani ya nchi.

Jambo la tatu ndilo la ajabu zaidi, nami nitakaa nalo kidogo kwa sababu ni la kasuku hasa. Mwaka 1879 huko Uster, Uswisi, daktari Jakob Ritter aliona watu saba wa nyumba moja wakishikwa na homa ya mapafu ya namna asiyoizoea, watatu wakafa, naye akawatuhumu ndege wa kigeni waliofugwa ndani ya nyumba ile. Mwaka 1892 ugonjwa wa namna hiyo ukazuka Paris pamoja na kasuku waliopakiwa melini Buenos Aires. Na miaka mitatu baadaye Mfaransa Morange akaupa jina kwa neno la Kiyunani la kasuku, jina ambalo madaktari wanalitumia hata leo, sitakosi. Hofu kubwa ilikuja majira ya baridi ya 1929 na 1930, Krismasi ilipokuwa imeleta kasuku wengi wa Amerika ya Kusini katika nyumba za Ulaya na Marekani: mamia ya watu waliugua, maabara moja ya serikali ya Washington ikampoteza mtumishi wake mwenyewe aliyekuwa akiwahudumia ndege wa uchunguzi, na mataifa yakafunga bandari zao kwa kasuku. Dawa yake ya kweli haikupatikana mpaka mwishoni mwa miaka ya 1940, zilipokuja dawa za jamii ya tetrasaiklini, ambazo hata sasa ndizo zinazotumiwa.

Maradhi haya hayapiti sana katika jeraha; hupita katika vumbi la kinyesi na la manyoya, na huchukua aghalabu kati ya siku 5 na 14 kujidhihirisha. Basi tazama hila yake: mtu ameng'atwa Jumatatu, Jumatano kidonda kimetazamwa, Jumatatu ya pili kimepona, ameagwa, na Alhamisi anashikwa na homa, kichwa kinapasuka, kifua kinakohoa kikavu. Hapo Mugunga, kama kotekote Kivu, homa ni malaria au ni tifoidi mpaka ithibitishwe vinginevyo, nami siwalaumu waganga, kwa kuwa mara nyingi wanakuwa wamesema kweli. Lakini mganga aliyemwona yule mtu mara ya kwanza, na mara ya pili, anajua jambo ambalo mganga mpya hawezi kulijua asipoliuliza, nalo ni kwamba nyumbani pana ndege. Kurudi kwa mganga yule yule, au walau kwa daftari lile lile, ni dawa ambayo haiuzwi dukani.

Lugha yetu imelifahamu hili kabla yetu. Neno "tarehe" tulilolipokea kutoka kwa Waarabu hubeba maana mbili: siku iliyoandikwa, na habari za mambo yaliyopita. Mganga wa Mugunga achukuapo fishi, yaani kadi, ya mgonjwa, baada ya kumpansa kidonda, kama wasemavyo wenyeji kwa kuliswahilisha neno la Wafaransa, akaandika chini yake siku ya randevu, huandika tarehe kwa maana ya kwanza. Na hizo fishi zikihifadhiwa pamoja kwa miaka, huwa tarehe kwa maana ya pili. Desturi hii ya kumwekea mgonjwa siku ilipata nguvu kubwa zaidi mwezi wa Julai 1885, Louis Pasteur alipomchanja kijana Joseph Meister aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, akamrudisha siku kwa siku mpaka zikatimia sindano 13. Na tangu hapo dunia ikajua kwamba kuumwa na mnyama ni safari ya siku nyingi. Kwa mwenye jeraha la kasuku pana faraja moja: ndege hawabebi kichaa cha mbwa, na mganga amchomaye sindano za kichaa mtu aliyeng'atwa na kasuku anazitupa dawa ambazo kesho zitahitajiwa na mtoto aliyeumwa na mbwa.

Utaratibu wa zahanati katika Kivu ulianza zamani za Wabelgiji, nao ulikuwa wa mishoni, wa mashamba na wa serikali, kila mmoja na daftari lake. Baada ya uhuru, katika miaka ya 1980, Zaire, kama Kongo ilivyoitwa siku zile, iliigawa nchi katika maeneo ya afya 306, ambayo leo yamepita 500, kila eneo likiwa na hospitali yake kuu na vituo vyake vidogo vinavyoizunguka; na mpango ule, hata wakati serikali yenyewe ilipokuwa imechakaa, ulikuwa umejengwa juu ya dhana njema kwamba mtu anacho kituo chake, na kituo kinamjua. Mugunga ilikuwa na dhana hiyo. Kisha ukaja mwaka 1994.

Kati ya tarehe 14 na 18 Julai ya mwaka ule, watu kati ya laki tano na laki nane walivuka kutoka Rwanda wakaingia Goma na pande zake, wakikimbia baada ya mauaji ya kimbari na kushindwa kwa jeshi la serikali iliyoyatenda. Ndani ya umati ule walikuwamo wasio na hatia, wake kwa watoto, na walikuwamo vilevile wauaji wenyewe na silaha zao. Wengi walipelekwa kaskazini, Kibumba na Katale, na wengi wakatua hapa Mugunga, juu ya jiwe nililolieleza. Tarehe 20 Julai kipindupindu kikathibitishwa. Jiwe lile halikuruhusu kuchimba choo, wala halikuruhusu kuchimba kaburi; miili ilikunjwa ndani ya mikeka ikalazwa kando ya barabara, mpaka askari wa Kifaransa wakaleta mashine za kuchimbia makaburi ya pamoja. Maji yalikuwa yale ya ziwani. Wataalamu waliokadiria baadaye walisema kwamba katika mwezi mmoja wa kwanza walikufa watu karibu 50,000. Kisha ikaja kuhara damu, iliyoletwa na kijidudu kilichokuwa kimezoea dawa za kawaida na kuzishinda.

Katika siku kama hizo mganga hana mgonjwa wa kumrudia. Ana mstari wa watu, na kazi yake ni kuupunguza. Madaftari ya dharura ya kambi, hapa na popote, hupangwa kwa safu chache: kuhara maji, kuhara damu, homa, kikohozi, surua, majeraha, na mwishoni safu ya mengineyo. Aliyekatwa panga na aliyejikwaa juu ya lava huandikwa safu moja. Aliyeng'atwa na ndege, kama alikuwapo, na katika watu malaki waliotoka na kuku wao, mbuzi wao na kila walichoweza kukibeba sioni muujiza wa kuwapo, ameandikwa humo au katika mengineyo, kisha ameosha kidole chake kwa maji ya ziwa na kurudi chini ya turubali. Sisemi kwamba waganga wale walikosea. Safu saba zilizojazwa kila siku ziliokoa watu wengi kuliko ambavyo safu elfu zingeokoa, maana kipindupindu hushindwa kwa hesabu ya upesi na maji safi.

Na hapa pana mkutano wa ajabu wa miaka, ambao nisingeuamini kama ungebuniwa. Hesabu ya maradhi ya dunia ina orodha yake, ambayo Jacques Bertillon wa Paris aliipendekeza ikakubaliwa katika mkutano wa watakwimu mjini Chicago mwaka 1893, na ambayo Shirika la Afya Duniani limeishika tangu mwaka 1948. Marekebisho yake ya kumi yalipitishwa mwaka 1990 na yakaanza kutumiwa na mataifa mwaka 1994, mwaka ule ule wa Mugunga. Wamarekani wakaichukua orodha hiyo, wakaipanua kwa matumizi ya hospitali zao, na kuanzia tarehe 1 Oktoba 2015 wakawalazimisha waganga wao kuitumia. Na katika upanuzi wao mna namba W61.01, ambayo maana yake ni kung'atwa na kasuku. Namba haiishii hapo. Huongezwa herufi mwishoni: A ikiwa mgonjwa yumo katika tiba ya kwanza, S ikiwa ameletwa na kilema kilichoachwa na jeraha la zamani, na D ikiwa amekuja kwa marudio, kidonda kikiwa katika kupona. Kwa hiyo W61.01XD ni mtu aliyeng'atwa na kasuku ambaye amerudi.

Wamarekani wenyewe wameicheka sana namba hii, wakaiona kuwa ni upuuzi wa makarani, nami nilipoijua mara ya kwanza nilicheka pamoja nao. Sasa sicheki tena, ama nacheka kwa namna nyingine. Maana si kasuku anayenishangaza katika namba ile, ni D. Kwamba iko nchi ambayo karani aweza kuweka herufi maalumu kwa ajili ya mtu aliyerudi, kwa kuwa kurudi ni jambo la kutazamiwa, naona ni utajiri unaopita mashine zote za hospitali zao.

Mugunga imenyimwa D mara nyingi. Katikati ya Novemba 1996 kambi ya Mugunga, ambayo ilikuwa imefurika kwa watu malaki waliokimbilia humo baada ya kambi nyingine kushambuliwa, ilivunjwa kwa vita, na tarehe 15 ya mwezi ule umati ukaanza kurudi Rwanda kwa miguu kwa kupitia Goma, wakati wengine wakitokomea magharibi msituni. Mahema ya waganga yakabaki na karatasi zikipeperuka. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ikapasuka, lava ikapita katikati ya Goma mpaka ziwani, ikateketeza pamoja na nyumba na maduka hospitali ya DOCS, ambayo baadaye ilijengwa upya na leo yajulikana kwa jina la HEAL Africa. Kuanzia mwaka 2007 vita vya Masisi na Rutshuru vikawaleta Wakongo wenyewe, na Mugunga ikapata kambi zilizohesabiwa kwa namba, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Novemba 2012 waasi wa M23 wakaingia Goma. Mei 2021 Nyiragongo ikamwaga tena, na siku chache baadaye serikali ikaamuru sehemu kubwa ya mji ihame, watu wakamiminika barabara hii hii kwenda Sake, kila mmoja na godoro kichwani. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yakaangukia kambi za Mugunga na Lac Vert, yakaua watu, wengi wao watoto na wanawake. Januari 2025 M23 wakauchukua mji, na mwezi uliofuata kambi zikaondolewa, watu wakaambiwa warudi kwao katika muda wa siku chache tu.

Nimeyapanga haya kwa haraka kwa sababu kila moja lina kitabu chake, na kwa sababu msomaji mwenye subira atakuwa amekwisha kuona jinsi yanavyofanana. Kila mara palikuwa na fishi zilizoandikwa randevu ya Jumanne, na Jumanne ilipofika hapakuwa na mgonjwa, au hapakuwa na mganga, au hapakuwa na nyumba. Aliyepata sindano ya kwanza ya pepopunda Sake alipaswa kupata ya pili Mugunga, na ya tatu Mungu ajuaye wapi. Na kila alikofika, kwa kuwa karatasi ilikuwa imelowa au imechomwa moto, alianzishwa upya kama mtu asiye na jana.

Pamoja na hayo nisingependa msomaji adhani kwamba watu wa hapa wamekaa kitako wakingojea tarehe ziandikwe na wengine. Nenda kituo chochote cha afya cha upande huu wa mji, utamwona mama ametoa fundoni mfuko wa plastiki uliofungwa kwa ustadi, na ndani ya mfuko, kabla ya pesa, kabla ya kadi ya kura, mna karatasi za hospitali: kadi za chanjo za watoto watano, fishi ya mumewe aliyevunjika mguu mwaka juzi, picha ya eksirei iliyokunjwa mara nne. Amekimbia nazo mara tatu. Ardhi hii ina nyufa ambamo hutoka mazuku, ile hewa nzito isiyo na rangi wala harufu ambayo hutuama mabondeni ikawaua ndege, mbuzi na hata watu walioinama au kulala chini, na wenyeji wamejifunza tangu utotoni wapi pa kupita na saa gani. Watu walioweza kuisoma ardhi ya namna hiyo hawashindwi kutunza karatasi.

Kasuku nao wana hospitali yao. Ng'ambo ya ziwa, katika Kivu ya Kusini, huko Lwiro, ambako Wabelgiji walianzisha baada ya vita vikuu vya pili kituo chao kikubwa cha utafiti wa sayansi, pana tangu mwaka 2002 makao ya sokwe na nyani waliookolewa mikononi mwa wawindaji, na humo huletwa pia kasuku waliokamatwa njiani wakisafirishwa kimagendo. Wengi hufika mabawa yamekatwa, manyoya yamegandamana kwa ulimbo. Hao hawapokelewi kwa siku moja wakaachwa. Hutengwa kwanza ili maradhi yao yajulikane, huoshwa, hungojewa manyoya yaote upya, jambo ambalo huweza kuchukua miezi mingi, na hutazamwa tena na tena kabla ya mtu kufikiri kuwarudisha mwituni. Nawasifu wafanyao kazi ile, nao vidole vyao bila shaka vina alama.

Ukiwa unaye kasuku nyumbani, msomaji wangu, uwe Goma, Mombasa au Muscat, na akakung'ata, osha kwa maji ya kutiririka na sabuni kwa muda wa kutosha, usikamue wala usipake majivu, nenda ukaulizwe habari za sindano ya pepopunda, na mwambie mganga kweli kwamba ni kasuku, hata kama hukumpata kwa njia ya halali, kwa sababu mganga si askari wa forodha. Ukipata homa na kikohozi katika wiki mbili au tatu zitakazofuata, mwambie tena. Na ukiandikiwa siku ya kurudi, nawe una njia ya kupita na nyumba ya kulala, rudi.